Nafasi ya Osée katika Wimbo

Bunia, tarehe 3 Februari 2024

Yaya Anaclet, kaka mkubwa wa mume wangu na maestro wetu,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Kule, dereva wa lori la mbao, kwa sababu simu yako huko Epulu ni ya kubahatisha. Nikisema maneno matano unasikia mawili, na hayo mawili unayajibu vibaya. Sisi ni wazima. Elodie ameota upya meno ya mbele yaliyong'oka na sasa mdomo wake haufungiki. Mimi bado nauza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni, na nadhani barua hii itakuambia hivyo yenyewe ukiisogeza puani.

Sasa vuta kiti. Jirani ya meza yangu yuko msichana anaitwa Chancelle, fundi wa simu. Anabadilisha vioo vilivyopasuka, anawawekea watu nyimbo kwenye kadi ya memori, na nyuma ya kibanda amesimamisha magodoro mawili. Katikati ya magodoro hayo anarekodi waimbaji kwa simu ya kawaida, yenye ufa kama zetu. Unakumbuka korale yetu ilivyoota studio miaka yote ile kijijini, na hatukuiona hata mlango wake? Studio imekuja kukaa karibu na samaki wangu.

Nikawaza. Mimi na Espérance tuko hapa Bunia, alto na soprano. Delphin yuko Komanda na sauti yake ya tenori. Wewe kiongozi uko Epulu unatengeneza milango. Chancelle anasema kila mtu aimbe pale alipo, kisha yeye atapanga sauti zetu moja juu ya nyingine kama mikeka. Nakuomba ruhusa turekodi "Jioni Tutahesabiana". Najua tangu Osée apotee hakuna aliyeuimba. Wimbo ni wake, mume wangu, aliutunga yeye, lakini korale ni yako, na wewe ndiwe mkubwa wake.

Ni kwa ajili ya sikukuu ya Pentekoste tu, makwaya yote ya mji yatakuwepo.

Shemeki wako,
Véronique, mama Elodie


Epulu, 15 Februari 2024

Mama Elodie,

Nimepokea barua. Harufu ya makayabo iliitangulia, Kule analalamika kwamba paka wa Mambasa walimfuata.

Kwa hiyo siku hizi mtu anaimba peke yake kwenye godoro, na jina lake korale! Mimi niliwafundisha kusimama bega kwa bega, kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake. Hata hivyo nimechoka kuimbia misumari. Ruhusa umepata. Mlinzi mmoja wa hifadhi amenishikia simu yake, nimeimba sehemu yangu ya kiongozi, na kadi iko ndani ya bahasha. Usiipoteze, ni ndogo kuliko ukucha wa Elodie.

Kwa besi mchukue Constant, yule wa parokia ya mjini. Hajui solfa, lakini ana kifua. Na jambo lingine dogo: nitumie ile picha ya Osée ya siku ya harusi yenu. Nimepata kipande kizuri cha mbao ya libuyu, nataka kuitengenezea fremu.

Ndimi,
Anaclet


Bunia, 2 Machi 2024

Yaya,

Tumecheka mpaka Espérance akakaa chini kwenye magunia. Chancelle aliziweka sauti zetu zote pamoja, akabonyeza, na ikatoka vita. Wewe ulianzia juu, Delphin akaanzia shimoni, sisi tukawa katikati tunatafuta mlango. Chancelle akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mama, hii ni wimbo moya ao ni tatu?"

Kosa si la simu, ni letu. Maisha yetu yote toni imetoka kooni mwako. Hatukuwahi kuwa na kinanda. Ulikuwa unakohoa, unatoa toni, sote tunaingia kama mbuzi wanaojua zizi lao. Sasa koo lako liko Epulu, na kila mmoja amejipa toni yake mwenyewe bila hata kufikiri. Dawa anayo Chancelle: wewe utoe toni, kisha upige mapigo ya wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho. Sisi tutakusikiliza kwa vile vidude vya masikio. Sikio moja kwako, jingine wazi ili kila mtu ajisikie mwenyewe.

Constant hapana. Desturi ni yako, uliiweka wewe: sauti ya mtu wa korale haishikwi na mwingine mpaka matanga yake yawekwe. Osée hajawekewa matanga. Pale ambapo sote tunanyamaza na besi inapita peke yake, tutapaacha hivyo hivyo.

Picha nitatuma baadaye. Ukuta wangu hauna kitu kingine.

Véronique


Epulu, 14 Machi 2024

Mama Elodie,

Toni na mapigo haya hapa. Nimepiga kwa nyundo ya mbao juu ya meza ya karakana, wimbo mzima, bila kusimama. Walinzi walikuja kuchungulia, mmoja akauliza kama natengeneza jeneza, kwa jinsi nilivyopiga taratibu. Nikamwambia huo ndio mwendo wa wimbo, asiyeweza kungoja akaimbe nyimbo za baa.

Kuhusu besi, niruhusu niseme kwa upendo. Asiyekuwepo na lake halipo. Siku ile kijiji kilipoungua Osée alishuka upande wa ziwa kuwatafuta ng'ombe wa baba, na tangu hapo ni miaka miwili. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyesikia habari yake. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, usifikiri napenda kusema haya. Mchukue Constant. Na ile picha usisahau.

Anaclet


Bunia, 30 Machi 2024

Yaya,

Azima simu ya mlinzi, weka kadi, na ukae kabla hujabonyeza.

Umesikia? Ndio sisi! Espérance alipokuwa anaimba, pikipiki zilikuwa zinanguruma nje mpaka Chancelle akatoka kwa hasira: "Batu ya pikipiki, muzime kwanza! Mama iko naimba!" Na walizima. Nakuambia wenye pikipiki wa soko la Bunia walizima injini kwa ajili ya soprano, jambo ambalo hata mkuu wa mji hajaliweza. Delphin aliimba Komanda juu ya magunia ya mchele, akasikiliza nyundo yako vizuri. Nami nilipoingia kati ya magodoro, na nyundo yako sikioni, nilijiona nimesimama pale pangu pa zamani, mstari wa pili, karibu na nguzo. Machozi yalitoka lakini sauti haikutetemeka. Nilifurahi, Yaya. Nilikuwa nimesahau kwamba najua kufurahi.

Hatukungoja redio wala kamati. Chancelle aliutuma kwenye grupu za WhatsApp za makwaya, za wauza samaki, za wanafunzi, na kila anayekuja kuwekewa nyimbo anaondoka nao. Jumatatu mteja mmoja alinisogezea simu, akasema ana wimbo mpya mtamu sana, kama nataka atanipa kwa bluetooth. Nikasema nautaka. Nikaupokea wimbo wangu mwenyewe kwa mtu nisiyemjua! Kule naye anaupiga toka Bunia hadi Mambasa, spika dirishani.

Mwishoni nimesema jina langu na namba ya simu. Siku hizi ndivyo wanavyofanya.

Véronique


Epulu, 8 Aprili 2024

Véronique,

Nimesikiliza, nikazima. Sauti zimekaa vizuri, sikatai. Lakini umetoa wimbo wenye shimo. Mahali pa besi ni kimya kitupu, nyundo yangu tu inagonga, mtu atadhani kadi imeharibika. Na mwisho wake namba ya simu, kama muuza dawa ya minyoo! Mke wa mdogo wangu anatangaza namba yake kwa madereva wote wa Komanda. Watakupigia, na haitakuwa kwa habari za Mungu.

Sasa nikuambie lililoko moyoni. Familia imekaa. Matanga ya Osée yatawekwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, hapo Bunia, kwa mjomba Néhémie. Picha ni ya matanga hayo. Nilitaka kwanza fremu iishe, nikifikiri ukiiona ilivyo nzuri utakubali kwa urahisi. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Tunakungoja wewe uanze.

Uondoe wimbo huo kwenye simu za watu.

Anaclet


Bunia, 12 Aprili 2024

Yaya Anaclet,

Wimbo hauondolewi. Uko kwenye kadi ambazo sitaziona maisha yangu yote. Hata ningetaka, nianze na mfuko wa nani?

Na sitaki. Umeicheka namba yangu ya simu. Niliiweka kwa ajili ya Osée. Namba yangu ya zamani ilipotea siku nyumba ilipoungua, na yeye alishuka ziwani bila simu. Kama yuko mahali, hajui pa kunitafuta. Tangazo la redio linasemwa mara moja, linakwisha. Wimbo unaingia mifukoni mwa watu na kwenda nao wanakokwenda. Habari ya Pentekoste ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine niliificha kwa sababu nilijua utaniambia nimwache apumzike.

Kile unachokiita shimo ni nafasi yake. Akiusikia wimbo, atajua bado tunamngoja. Ukimweka Constant pale, umemzika.

Sasa sikia jambo ambalo hata mimi sikulitazamia: watu wanaijaza. Wa kwanza alikuwa mwenye pikipiki. Aliimba besi yake juu ya ule ukimya, akanitumia. Nilitupa simu kwenye beseni la makayabo. Niliona mtu amenizikia mume bila hata kunibishia hodi. Kesho yake wakaja wengine. Askari mmoja. Wanafunzi wa bweni, wanagombania mstari. Mtu wa Aveba anaimba shambani, jembe linasikika. Mama mmoja mwenye sauti nzito kuliko wanaume wote wa parokia yetu. Kila mmoja anabuni besi yake, anaipeleka kwenye grupu, mwingine anamjibu kwa nyingine. Chancelle anacheka tu: "Batu banapenda hii shimo, mama. Kila mutu anataka kuingia."

Nilikaa nalo siku mbili, kisha hasira ikaisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu hawa hawamziki Osée. Wanambeba mpaka mahali ambapo miguu yangu haifiki. Nimekuwekea sauti zao zote kwenye kadi. Sikio lako linamjua tangu alipokuwa analia mgongoni mwako. Sikiliza kama yumo.

Mimi sijaanza kulia. Hao wa mbali wangoje.

Véronique


Epulu, 21 Aprili 2024

Mama Elodie,

Nimesikiliza zote, nikipiga randa. Yule wa Aveba ana besi njema, mwambie asimeze maneno. Yule mama angekuwa wangu ningemweka mbele ya wanaume. Osée hayumo. Nilirudia tangu mwanzo nikijua hayumo, kwa sababu sikutaka kufika mwisho wa kadi.

Jana malori yalizuiwa kwenye kizuizi cha hapa, na madereva wakawa wanapika kando ya barabara. Kule akafungulia wimbo. Ulipofika pale pa besi, wakasimama wote, mwingine ana mwiko mkononi, na wakaimba. Watu wa Butembo, wa Kisangani, hata Waganda, hawajui kijiji chetu kilikuwa wapi. Nyundo yangu ikawaongoza nao wakaifuata, wote pamoja. Mimi niliyepanga watu bega kwa bega tangu ujana sikuwahi kupata besi nene namna ile. Nililia mbele yao bila haya. Mmoja akanipa ugali.

Nimewaandikia wazee kwamba siji kuweka matanga. Wamejibu kwamba watayaweka bila mimi, mjomba Néhémie ameshamfunga mbuzi uani. Mimi ni mkubwa, lakini siko peke yangu katika ukoo. Simama imara. Nilikosea kukuficha. Fremu imekwisha na sitakuomba picha tena.

Ndimi shemeki wako,
Anaclet


Bunia, 29 Aprili 2024

Yaya! Yaya! Yaya!

Naandika nikiwa nimesimama, Kule ameshawasha injini na anapiga honi.

Leo asubuhi imekuja sauti kwenye simu yangu, kutoka namba ya Uganda. Nikajua ni besi nyingine. Haikuwa wimbo, alikuwa mtu anagomba! Nakuandikia neno kwa neno:

"Delphin, weye iko navuta wimbo nyuma! Ubeti ya pili weye iko navuta tangu zamani, na hakuna mutu anakuambia! Na nani alipiga hii nyundo polepole hivi? Yaya, hii ni wimbo, haiko maziko. Espérance naye asipumue katikati ya neno, nilisema mara ngapi..."

Nikasikia kuku, na watoto wanacheza. Kisha:

"Véro. Baliniambia nyumba iliungua na batu yote ndani. Véro, hii alto ni ya weye?"

Ni yangu, Yaya! Nilipiga yowe hata wauza nyama wakaja na visu vyao wakidhani ni mwizi. Yuko ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi, anawasaidia waashi. Mtu wa kijiji chetu alimwambia siku ile ile kwamba wote tuliteketea, naye akaamini, ndiyo maana hakututafuta. Jana akapita mchuuzi wa sabuni na spika yake, inaimba "Jioni Tutahesabiana". Alimfuata mchuuzi kambi nzima ili kusikia tena. Anasema alitaka kuimba besi na kunitumia, ila ugomvi ukatoka wenyewe.

Nikampigia. Hatukusema neno lenye akili, tulikuwa tunaitana majina tu. Elodie alininyang'anya simu akamweleza habari za meno yake yote, moja moja.

Mjomba Néhémie nimemwendea kwa miguu yangu, nikamsikilizisha ile sauti mbele ya wazee wote. Walimtambua kabla hajamaliza kumtukana Delphin. Matanga hakuna!

Kule anaondoka. Njoo Pentekoste, njoo!

Véronique, mke wa Osée


Bunia, 20 Mei 2024

Kwa Yaya Anaclet, kwenye lori lililokwama matopeni kabla ya Mambasa

Yaya,

Mwenye pikipiki anayekuletea barua hii anasema magurudumu yamezama na wewe unawaimbisha wanaosukuma. Pole sana. Umekosa Pentekoste, kwa hiyo acha mimi mdogo wako nikusimulie, na usinikatize kama ulivyozoea.

Nilivuka ziwa salama. Véro ananuka makayabo, na sijapata kunusa kitu kizuri hivyo. Elodie ameniuliza kama nitakaa, nikamwambia nakaa. Mbuzi wa matanga yangu nimemla mimi mwenyewe, uani kwa mjomba Néhémie. Alikuwa mgumu, na mjomba alinitazama kila nilipotafuna kana kwamba nakula cha mtu mwingine.

Chancelle alitaka nirekodi besi, wimbo utimie. Niliingia kati ya magodoro yake nikatoka. Mezani kwa Véro wanakuja wanawake kila siku, mmoja ana jina la mwanawe aliyepotea, mwingine la mumewe, wanaomba wimbo uende na namba zao pia. Nikamwambia Chancelle aache nafasi wazi na aweke namba za hao wanawake. Mimi nimeshapatikana.

Sasa jana. Kanisa lilijaa, watu walisimama hata madirishani. Tulipanda wanne, Véro, Espérance, mimi, na Delphin aliyekuja toka Komanda na bado anavuta. Kwa kuwa hukufika, Chancelle alisogeza simu kwenye maikrofoni, ikatoa toni yako na nyundo yako, na ukatuongoza ukiwa kwenye matope. Mapigo niliyaona bado ya polepole, ila nilivumilia.

Tukafika kwenye mstari wangu. Nilikuwa nimeuwaza tangu ndani ya mtumbwi. Nikavuta pumzi, na kabla sijafungua mdomo, kanisa zima likaingia! Wanaume, wanawake, wenye pikipiki waliokuwa nje ya mlango, yule mama mwenye sauti nzito akiwa safu ya mbele na kitambaa chekundu. Kila mtu na besi aliyoizoea kwenye simu yake, na hakuna hata moja niliyoitunga mimi. Wengine walichelewa, wengine walitangulia, wanafunzi wa bweni waliongeza maneno yao. Yalikuwa makosa matupu, Yaya, na mabati yalikuwa yanatetemeka juu yetu.

Véro akanigeukia kuona kama nitakasirika. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nimesimama katikati ya besi ya watu wote wale, na sikumrekebisha hata mmoja.

Mdogo wako,
Osée